Bustani ya nyumbani inapozorota: soma dalili kabla ya kununua dawa

Wenye nyumba wengi wakinipigia simu, swali lao la kwanza ni moja: "Nipulizie dawa gani?" Majani yamekuwa manjano, ukoka umejaa vipara, na mti uliopandwa kwa matumaini makubwa umesimama tu kama kijiti. Naliheshimu swali hilo, maana anayeuliza anaumia kuona kitu alichokipenda kinakufa mbele ya macho yake. Lakini katika kazi yangu ya kubuni na kutunza bustani za watu, mara chache sana nimekuta tatizo lililoanzia kwenye jani. Mengi yalianzia ardhini, au siku ile bustani ilipochorwa na mtu akaamua kipi kikae wapi. Huko dawa haifiki.

Kwa hiyo nitakupitisha njia ninayoipita mwenyewe nikiingia kwenye bustani ya mtu. Naanza na maji, naenda kwenye udongo, mwanga na nafasi, na namalizia na mikono inayotunza. Wadudu nimewasogeza karibu na mwisho kwa makusudi. Vifaa ni beleshi, kipande cha nondo nyembamba, na ndoo ya maji.

## Mmea unanyauka ilhali udongo umelowa

Hakuna dalili inayowapoteza watu kama hii. Mmea ukilegea, mkono unakwenda wenyewe kwenye bomba. Sasa fikiria chini kunatokea nini. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukijaa maji, vile vijinafasi vinavyopitisha hewa vinaziba, mizizi inakosa oksijeni na kuoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji hata yakiwa tele. Kwa juu unaona kiu, kumbe chini mmea unazama, na kila ndoo unayoongeza inauzamisha zaidi.

Kutofautisha si kazi ngumu. Mmea wenye kiu ya kawaida hulegea jua linapokuwa kali, kisha ukajiinua jioni au usiku. Ukiukuta bado umelegea alfajiri, usikisie, chimba. Shuka sentimita 15 hadi 20 kando ya shina. Ukikuta udongo mkavu, basi ni kiu kweli. Ukikuta udongo wa kijivu, unaong'aa kwa maji na kutoa harufu ya yai viza, maji yamekaa hapo muda mrefu. Tafuta mzizi mwembamba uuvute taratibu kwa vidole viwili. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu, na ukiuvuta unakaza. Uliooza ni wa kahawia na ganda lake linavuka kama soksi, unabaki na kiuzi cha katikati mkononi. Ukishakiona kiuzi hicho mara moja, hutakisahau.

Kisha pima jinsi ardhi inavyopitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwa kina na 30 kwa upana. Lijaze maji uyaache yazame, ikiwezekana usiku kucha, kisha ujaze tena, usimamishe kijiti chenye alama na upime kila saa. Maji yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 10 kwa saa, mimea mingi itaridhika hapo. Yakishuka chini ya 2.5, umeshapata chanzo. Yakizama kwa kasi kuliko hiyo 10, udongo wako ni wa kichanga na unahitaji mboji ili ushike unyevu.

Kwenye nyumba mpya sababu kubwa ni ujenzi wenyewe. Malori yamepita, matofali yamepangwa, zege limechanganywa papo hapo, na udongo mzuri wa juu umefukiwa chini ya ule uliotoka kwenye msingi. Choma nondo ardhini siku moja au mbili baada ya mvua. Ikigoma kwenye sentimita 10 kila unapojaribu, ardhi imeshindiliwa. Dawa yake ni jasho. Chimbua kwa sululu au jembe uma hadi sentimita 30 au 40, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, kamwe usiwe tope, kisha uchanganye mboji iliyoiva.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyafanya kwa nia njema na yanaharibu. La kwanza ni kumwaga mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi ili "kuulainisha". Mchanganyiko huo ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. La pili ni kuweka kokoto chini ya shimo la kupandia. Maji hayavuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ujae kabisa, kwa hiyo kokoto zinayapandisha maji yaliyotuama karibu zaidi na mizizi. Ikiwa shimo halipitishi maji, inua kitanda cha udongo upande juu yake, au chimba mtaro wenye bomba la matundu unaoshuka angalau sentimita 1 kwa kila mita na kutokea mahali ambapo maji yanaweza kwenda kweli. Mtaro usio na mwisho ni dimbwi refu tu.

## Majani yamekuwa manjano: ni majani yapi?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya kugusa mfuko wowote wa mbolea.

Yakianza majani ya chini, yale ya zamani, na yakawa manjano jani zima, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Mmea huiondoa kwenye majani yaliyozeeka na kuipeleka kwenye machipukizi. Yakiwa yaleyale ya zamani lakini umanjano uko katikati ya mishipa na mishipa imebaki kijani, fikiria magnesiamu. Yakiwa ni majani machanga ya juu, yamepauka huku mishipa imechorwa kijani kama ramani ya mito, hapo ni madini ya chuma. Na hapa ndipo watu hupoteza fedha, kwa sababu mara nyingi madini hayo yamo ardhini tele, ila mmea hauwezi kuyachukua kwa kuwa udongo una alkali nyingi.

Niliwahi kuitwa kuangalia safu ya vichaka kando ya ukuta. Vilivyokuwa mita moja kutoka ukutani vilikuwa vimepauka, na vilevile vya aina ile vilivyopandwa katikati ya bustani vilikuwa kijani kibichi. Mwenye nyumba alikuwa ameshaviwekea mbolea mara tatu. Tulichimba kidogo tu, beleshi likagonga. Chini kulikuwa na kifusi, mabonge ya saruji na plasta vilivyofukiwa baada ya ujenzi. Saruji ina chokaa, na chokaa hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya udongo. Mimea mingi ya bustani hustarehe kati ya pH 6 na 7. Ikizidi hapo, chuma hubaki udongoni bila mizizi kuweza kukitumia. Tulitoa kifusi, tukaleta udongo mpya, na majani mapya yakaja na rangi yake.

Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia huku katikati kukiwa kijani, waza chumvi: mbolea ya viwandani iliyozidi, samadi mbichi, au maji ya kisima yenye chumvi. Mwagilia maji mengi kwa mkupuo ili chumvi ishuke chini ya mizizi, mradi ardhi inapitisha maji, na uache kabisa kuweka mbolea kwa muda.

## Ukoka una vipara

Tazama kipara kiko wapi na kina umbo gani.

Kikiwa chini ya mti, tatizo ni kivuli pamoja na mizizi ya mti inayogombania maji. Aina nyingi za ukoka zinataka jua la moja kwa moja la saa 4 hadi 6 kwa siku, na nyingine zaidi. Nimeona watu wakipanda ukoka upya mahali hapo kila msimu, na kila msimu unakufa. Kosa hapo ni la mchoro, kwa hiyo badili mchoro. Weka mimea ya kutandaa inayopenda kivuli, au matandazo na benchi. Kivuli cha mti ni zawadi, kitumie kwa watu.

Kikiwa duara dogo lililoungua lenye ukingo wa kijani kilichokoza, mbwa amekojoa hapo. Mkojo una naitrojeni nyingi. Katikati umeunguza, pembeni umerutubisha. Mwaga maji mengi papo hapo.

Ukoka ukiinuka mkononi kama jamvi ukiuvuta, mizizi imeliwa. Funua udongo, utawakuta funza weupe waliojikunja kama herufi C.

Ukoka wote ukiwa na rangi ya kijivujivu siku chache baada ya kukatwa, ng'oa jani moja ulitazame kwa karibu. Ncha iliyokatwa na kisu kikali ni nyoofu. Ncha iliyochanika na kuning'inia nyuzi imekatwa na mashine butu, na nyuzi hizo ndizo zinazokauka. Noa kisu. Na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja: ukoka wa sentimita 9 ushushe hadi 6, usiunyoe hadi 3. Ukiunyoa unakula akiba yake, jua linafika ardhini, na mbegu za magugu zilizokuwa zimelala zinaamka.

Umwagiliaji nao una makosa yake. Kumwagilia kidogo kila siku kunafundisha mizizi ikae juu, na siku bomba likikauka ukoka unaungua mara moja. Mwagilia kwa nafasi lakini maji yashuke sentimita 10 hadi 15. Kama una vinyunyizio, panga makopo yanayolingana kwenye ukoka, fungua maji kwa dakika 20, kisha linganisha. Kopo moja likiwa na maji maradufu ya lingine, vipara vyako vimeshajieleza. Kinyunyizio kimoja kinapaswa kurusha maji hadi mguuni pa kinachofuata.

## Mti umepandwa miaka miwili, haukui

Piga magoti utazame mguu wa mti. Mti uliopandwa sawasawa unatanuka pale unapoingia ardhini, unaiona mizizi mikubwa ikianza kutengana. Ukiona shina limeingia ardhini wima kama nguzo, limefukiwa. Gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye udongo wenye unyevu. Linaoza polepole, na mti unadumaa miaka mingi kabla ya kufa. Ondoa udongo taratibu kwa mkono hadi mtanuko uonekane. Matandazo yaliyorundikwa kama kichuguu kuzunguka shina yanaleta madhara hayohayo. Tandaza sentimita 5 hadi 10, na uache nafasi ya wazi ya upana wa kiganja kuzunguka shina.

Ukiendelea kuchimba unaweza kukutana na kiriba cha plastiki ambacho hakikutolewa siku ya kupanda. Au mizizi iliyozoea kuzunguka ndani ya kopo ikaendelea kuzunguka hata baada ya kupewa ardhi nzima, hadi mmoja wao umelizunguka shina na kulinyonga. Mizizi ya aina hiyo ikiwa bado myembamba, ikate. Kagua pia waya au kamba iliyofungiwa nguzo ya kuegemeza. Mara nyingi imeshazama ndani ya gome. Nguzo hiyo inatosha kukaa mwaka mmoja.

Kuna jambo moja linanihuzunisha kila ninapoliona: mti mkubwa uliokatwa kichwa ukabaki mashina matupu. Mti hujibu kwa kutoa machipukizi mengi marefu, yaliyoshikilia juujuu tu pembezoni mwa mkato, na hayo ndiyo yanayoanguka kwa upepo miaka michache baadaye. Tawi linapaswa kukatwa nje kidogo ya ule uvimbe ulio kama pete pale linapounganika na shina. Usiache kisiki, na usikate hadi kuingia shinani. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone kidonda kinaendaje ndani. Alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu, bali unakizungushia ukuta. Uvimbe ule ni sehemu ya ulinzi huo. Alionyesha pia kwamba kupaka rangi kwenye mkato hakuzuii kuoza. Kata vizuri na uache wazi.

## Fensi ya miti ni tupu chini

Imekatwa ikawa pana juu kuliko chini, na juu kunaficha jua. Igeuze: chini iwe pana kidogo, juu iwe nyembamba. Kuna aina zinazochipua kutoka kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani na nyingine hazichipui kamwe, kwa hiyo jaribu kipande kifupi kabla ya kukata yote.

## Majani tele, maua hakuna

Anza na jua, halafu mbolea, halafu mkasi. Naitrojeni nyingi huleta majani. Boganvilia inayomwagiliwa na kurutubishwa kila mara kama mboga itapanda ukutani kwa furaha bila kutoa ua. Ipe jua kamili na uache udongo ukauke kidogo. Vichaka vingine hutoa maua kwenye matawi ya msimu uliopita. Hivyo vipogolewe mara tu maua yanapokwisha, kwa sababu ukisubiri miezi mingi utakuwa unakata maua yajayo.

## Ilikuwa nzuri mwaka wa kwanza, imekuwa pori mwaka wa tatu

Hili nililikosea mwenyewe nilipoanza. Mteja anataka bustani ijae siku ya kukabidhiwa, na miche ni midogo, basi unaibananisha. Mwaka wa kwanza anafurahi. Mwaka wa tatu vichaka vinapandiana, vya nyuma havina hewa, ukungu mweupe unaingia kwenye majani, na mtunzaji hana la kufanya isipokuwa kukata kila kitu kiwe tufe.

Kipimo chake ni upana wa mmea ukishakomaa. Mmea utakaofikia mita 2 kwa upana ukikaa jirani na wa mita 1, umbali kati ya mashina yao uwe mita 1.5. Nafasi tupu za mwanzo zijazwe maua ya msimu mmoja na matandazo, na mteja aelezwe hivyo kwa uwazi kabla ya kupanda. Kama bustani imeshabanana, usipunguze kila mmea kidogo. Chagua ile yenye umbo zuri uiache, na ile ya katikati uing'oe kabisa. Inauma, lakini iliyobaki itakushukuru ndani ya msimu mmoja.

## Njia inazama, maji yanarudi nyumbani

Pevingi zikizama katikati, msingi wake haukushindiliwa. Kokoto hushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi sentimita 10, na mchanga wa juu uwe wa sentimita 3 hivi. Wengine huziba bonde kwa mchanga mwingi, nao unahama mvua ikinyesha. Pevingi zikiachana pembeni, hakuna ukingo uliozishika. Katika hali zote mbili ni kufumua na kurudia.

Mteremko ni muhimu zaidi. Ardhi inayozunguka nyumba ishuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani, na njia ngumu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Tandika kamba yenye pima maji, usiamini jicho. Na vitanda vya maua vilivyorundikwa udongo hadi juu ya kizuia unyevu cha ukuta, lile tabaka linalozuia unyevu wa ardhini kupanda ukutani, viteremshwe, maana rangi inayobanduka ndani ya sebule huenda imeanzia hapo.

## Ndago haiishi

Kwa sababu unang'oa jani tu. Chini kuna viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga, na ukivuta, uzi unakatika vinabaki. Kuparura kwa jembe kunavisambaza zaidi. Chimba kila inapoota, ufuate uzi hadi kiazi, na urudi kila wiki mbili tatu kabla majani mapya hayajarudisha akiba chini. Matandazo hayaizuii, hutoboa. Kazi hii huchukua zaidi ya msimu mmoja. Kagua pia udongo na samadi vinavyoletwa kwa lori, kwani ndago nyingi huingia kwa njia hiyo.

## Wadudu

Ukiona sisimizi wakipanda shina kwa msafara, wafuate. Watakufikisha kwa vidukari au wadudu wa magamba, wanaofyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye utamu huo. Piga vidukari kwa maji ya bomba yenye nguvu, rudia baada ya siku chache, na ukihitaji zaidi tumia sabuni ya kuulia wadudu. Epuka dawa inayoua kila kitu, kwa sababu inawaua pia wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, ambao hula vidukari kuanzia wakiwa viluwiluwi. Mmea unaoshambuliwa kila mwezi wakati jirani yake ni mzima, rudi kwenye mizizi yake.

## Mtunzaji anakuja kila wiki, na bustani bado inazorota

Mara nyingi mtunzaji huyu anafanya alichoambiwa, na alichoambiwa ni "pasafishwe". Basi anafagia kila jani, udongo unabaki uchi, unapigwa na jua na kuganda. Anakata kila kichaka kwa umbo moja. Anamwagilia kila kitu sawa, kinachopenda ukavu na kinachopenda unyevu.

Mbunifu akikabidhi bustani, adai au apewe nafasi ya kukaa na mtunzaji na kupitia mchoro mmea kwa mmea: jina, ukubwa wake wa mwisho, unakatwa lini, unakunywa kiasi gani. Miti mipya inahitaji maji ya uhakika kwa mwaka mzima wa kwanza, na hilo liandikwe ni jukumu la nani. Mkasi ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhama kutoka mmea mgonjwa kwenda mzima. Vichujio vya mfumo wa umwagiliaji wa matone visafishwe kila mwezi. Tawi lolote nene kuliko kifundo cha mkono lisikatwe bila mwenye nyumba kuulizwa. Na pawe na daftari moja, likae kwenye stoo ya vifaa, lenye tarehe na kilichofanyika. Nikiitwa kwenye bustani yenye daftari, nusu ya uchunguzi wangu umeshafanyika.

Ukishaanza kurekebisha, badili jambo moja kwa wakati na usubiri wiki 4 hadi 6. Majani yaliyokwisha kuwa manjano kabisa au kuungua hayarudi yalivyokuwa, kwa hiyo usiyatumie kupima. Tazama yanayochipuka.